Nani Aanze Kuvua

Haya, kaeni. Nimechoka kusimulia mmoja mmoja. Kila nikipita getini mtu ananishika mkono: "Rama, ni kweli?" Wengine wamesikia niliganda miguu. Wengine wamesikia nililia. Na kuna mpuuzi mmoja, namjua na yeye anajijua, amesambaza kwamba nilimvua nguo mzee wa watu juu ya mlima, kando ya kanisa. Hilo la mwisho, wallahi, lina ukweli ndani yake, ndiyo maana nimeona niandike yote kuanzia mwanzo. Mambo ya tiketi na viza sitayagusa. Yalinichosha wakati ule, na nyinyi sina sababu ya kuwachosha.

Abu Hamour, hapa Doha: kufungasha

Nasra wengi mnamjua, yule Mzanzibari wa dobi ya hoteli, mwenye kicheko kinachotangulia kuingia chumbani kabla yake. Baba yake alishafariki, kwa hiyo walii wake wa kumwozesha ni baba yake mdogo, Ami Seif, dereva wa familia moja kule Muaither. Nilipopeleka posa, Ami Seif hakukataa wala hakukubali. Alikunywa kahawa yake taratibu, akafuta sharubu, akasema, "Mimi mtu anayekula wali wangu simjui bado. Nitasafiri naye kwanza. Nikirudi nitasema."

Nikadhani ni maneno ya kupitisha wakati. Nasra akanivuta pembeni akanieleza kuwa kwao ndivyo wanavyofanya, tena hawatanii. Babu yake alimchukua mchumba wa shangazi yake mpaka Pemba kununua ng'ombe. Wakakaa huko wiki nzima. Babu akarudi na ng'ombe, mchumba hakurudi naye, na posa ikaishia hapo.

Sasa safari ya kwenda wapi? Hapo akaingia Otieno, Mkenya wa kompyuta tunayekula naye Ijumaa, ambaye kila baridi ikifika anatafuta mlima wa kupanda kama vile kuna mtu anamfukuza. Alikuwa na mpango wa kwenda Georgia kukanyaga theluji. Ami Seif aliposikia neno mlima akapiga paja.

"Basi imekwisha! Huyu si mtu wa bara? Watu wa Kilimanjaro hawa. Twende nikamwone kwao."

Jamani, mimi natoka Tabora. Kitu kirefu kuliko vyote mtaani kwetu ni mnara wa simu. Nikafungua mdomo nimweleze, Nasra akanikanyaga mguu chini ya meza, nikafunga.

Otieno akatukalisha akatufundisha mavazi. "Skizeni. Leya tatu pekee. Ya kwanza inagusa ngozi, iwe ya sufu, inatoa jasho mwilini. Ya pili ni ya joto. Ya tatu inazuia upepo. Mkianza kupanda mnavua, mkisimama mnavaa. Na pamba muache nyumbani. Pamba ikilowa kwa baridi, umeisha."

Ami Seif akamwangalia kwa huruma. Yeye kila majira ya baridi familia anayoiendesha huhamia kambini jangwani, naye hulala kwenye hema na fulana ya pamba, trakisuti, koti zito la mtumba na kikoi chake kiunoni. "Baridi ya kambini naijua mimi," akasema. "Huyu mtoto atanifundisha nini?"

Mimi nilikubaliana na Otieno kwa mdomo, ila moyoni nikapiga hesabu yangu. Kama nguo tatu zinamtosha Mkenya aliyezoea, basi mimi saba zitaniweka salama. Nikakusanya fulana mbili, shati la kazini, sweta ya kufumwa kwa mkono, hudi, jaketi la ulinzi lenye mistari ya kung'aa, na juu yake koti la mvua. Chini, suruali ya jinzi juu ya trakisuti. Soksi pea tatu.

Siku moja kabla ya kuondoka Nasra akanipa mfuko wa nailoni huku akiangalia huku na huku kama anauza magendo. Ndani kulikuwa na taiti za sufu, pea mbili katika pakiti moja. Rangi ya waridi. Zina maua.

"Za kiume zilikuwa zimeisha," akasema. "Otieno kasema sufu, na sufu ndiyo hiyo. Moja uvae, moja uweke kwenye kibegi. Lakini Rama, Ami asizione! Akijua nimemnunulia mwanamume nguo ya ndani kabla hajanioa, hapo hakuna posa wala salamu."

"Hatoziona."

"Na huko mlimani usimzidi. Usimwache nyuma, usimpite mbele, na usionekane umechoka wala hujachoka."

Nikamwambia sawa, ingawa mpaka leo sijui binadamu anaonekanaje akiwa hivyo.

Hotelini: chumba cha kuku

Ami Seif akataka tuzijaribu nguo kabla ya kuondoka. Doha yenyewe ilikuwa na kibaridi kile cha kuvalia sweta asubuhi na kuivua saa nne, haisaidii kitu. Nasra akaongea na Mganda wa stoo ya jikoni, akatufungulia chumba kikubwa cha nyama zilizogandishwa.

Tukaingia mimi na Ami Seif, tumevaa kila kitu, tukakaa juu ya makreti tukitazamana. Pande zote kuku. Hakuna aliyetaka kutoka wa kwanza. Ami akaanza kunieleza ukoo wake kuanzia mababu wa Makunduchi, mimi naitikia "naam, Ami", moshi unatutoka mdomoni. Mganda alikuja kuchungulia mara kadhaa akidhani tumekufa. Tulipotoka nilikuwa nina joto la kupendeza, Ami naye akafungua mikono: "Mmeona? Hata mafua!"

Otieno alikuwa mlangoni amejishika mbavu. "Lakini hapo mmekaa," akasema. "Mlimani mtakuwa mnatembea."

Hakuna aliyemsikiliza. Sisi tulikuwa tumefaulu mtihani wa kuku.

Uwanja wa ndege

Mabegi yalikuwa yamejaa, ikabidi nguo tuzivae mwilini. Hebu nifikirieni mimi, mlinzi kwa kazi yangu, ninayejua kabisa mtu wa kushuku anafananaje, nimesimama kwenye mstari wa ukaguzi wa Doha nikitokwa jasho, nimevaa makoti mawili, natembea miguu imetanuka. Ningekuwa zamu ningejikamata mwenyewe.

Kijana wa ukaguzi akanionyesha trei. Nikavua koti. Akangoja. Nikavua jaketi. Akangoja. Nikavua hudi, na sweta, na trei zikaniishia. Nyuma yangu watu wakaanza kuhesabu kwa sauti. Ami Seif kwake walikuta mifuko ya koti imejaa visheti, akawagawia wote wawili wa pale, wakala, wakampitisha na koti lake mwilini. Akanisubiri upande wa pili akinitazama ninavyojivalisha upya.

"Nguo nyingi," akasema, na kwa sauti yake sikujua kama ni sifa au lawama.

Tbilisi kwenda milimani: salamu ya nguruwe

Kutoka Tbilisi, mji mkuu wa huko Georgia, tulipanda gari dogo kuelekea kaskazini. Njiani tukasimama. Theluji ilikuwa imefunga njia ya juu, malori yamepanga mstari mpaka macho yanachoka. Dereva akazima gari, akaonyesha mgahawa kwa kidevu, akalala.

Ndani kulikuwa na jiko la kuni, na mama mmoja mnene mwenye uso wa upole. Akatuonyesha maandazi yao ya unga mweupe yaliyofungwa kama vifuko, ndani kuna nyama. Njaa ilikuwa inatukata, lakini nyama ya nini? Lugha hatuna. Otieno akataka kuonyesha kwa simu, simu imekufa kwa baridi. Ami Seif akasema, "Nipisheni."

Akainama, akaweka vidole puani, akakoroma kama nguruwe. Alikoroma vizuri, sikutarajia kutoka kwa mzee mwenye heshima zake. Kisha akatikisa kidole: hapana, huyo hatumtaki. Mama wa watu akamtazama, akatoka mbio, akarudi na mumewe. Mume akamwangalia Ami Seif, akaweka mkono kifuani, akainama, na yeye akakoroma.

Alidhani ndivyo tunavyosalimiana kwetu!

Basi ikawa hiyo. Kila dereva wa lori aliyeingia anaambiwa, anakuja mezani, anainama kwa adabu, anamkoromea Ami. Na Ami, maskini, akaona ni utovu wa adabu kutoitikia salamu. Mimi nilikuwa nimeingiza kichwa chote ndani ya hudi nisionekane ninavyocheka, maana kumcheka mkwe mtarajiwa ni kosa ambalo lingeniacha njiani kama yule wa Pemba, bila hata ng'ombe. Mwishowe tukaletewa maandazi ya viazi na ya uyoga, na mkate mkubwa wenye jibini na yai katikati. Ami akala akamaliza, akaomba mwingine.

Njia ilipofunguliwa walitoka wote kutuaga. Mnajua walituagaje.

Kupanda

Asubuhi tukaanza mlima. Kiongozi wetu aliitwa Gela, kijana wa pale kijijini tulipolala, miguu mirefu, maneno machache. Kanisa la zamani lipo juu kwenye mgongo wa mlima, unaliona kabisa kutoka chini, dogo, na njia inapita msituni kwenye theluji. Jua linawaka. Upepo hakuna.

Nilikuwa nimevaa vyote. Saba juu, chini jinzi na trakisuti na taiti ya waridi kwa siri, na soksi tatu ndani ya buti zilizonibana mpaka vidole vikawa vinagombania nafasi. Hatukufika mbali nikahisi jasho linashuka mgongoni. Tukaenda kidogo tena, fulana ikawa imelowa, shati nalo, na sweta ikaanza kunuka mbuzi.

Gela akasimama, akafungua zipu yake kutuonyesha, akavua jaketi, akalifunga kwenye begi. Otieno akavua mpaka akabaki na fulana yake ya sufu. "Vueni!" akatuambia. "Mtapikika ndani ya hizo nguo, mimi sisemi tena."

Nikamwangalia Ami Seif. Uso unameta, jasho linadondoka kwenye ndevu, koti limefungwa mpaka kooni. Yeye akaniangalia mimi.

Sasa nyinyi mnaelewa, ingawa Gela hakuelewa na mpaka leo haelewi. Mimi nitavuaje nguo mbele ya mkwe, tena kabla yake? Kwetu hata shati hulifungui kifungo mbele ya mkwe. Na yeye, mzee aliyesema baridi ya kambini anaijua, avuaje kabla yangu, aonekane kijana anavumilia na yeye hawezi?

"Unasikia joto, bwana mdogo?" akaniuliza.

"Aa, hapana Ami. Wewe je?"

"Mimi? Hata!"

Tukaendelea. Kila kituo Gela anaonyesha zipu, kila kituo tunaulizana hali, na kila mmoja anamjibu mwenzake kuwa hajambo. Mara moja niliona mkono wa Ami unapanda taratibu kwenye kifungo cha juu, roho yangu ikafurahi, nikapeleka wangu kwenye zipu. Macho yakakutana. Mikono yote miwili ikashuka.

Kwenye kona moja Ami akateleza, akakaa kwenye theluji na kushuka kwa makalio kipande kizuri cha njia. Nikamfuata mbio, nikamwinua, nikampangusa. Trakisuti yake ilikuwa imelowa nyuma yote. "Nimekaa kupumzika," akasema.

Juu

Msitu ulipoisha tukatokea kwenye mgongo wa mlima, na hapo ndipo upepo ulipokuwa unatungoja. Haukuwa upepo wa kupepea. Ulipita kwenye koti, kwenye jaketi, kwenye hudi, ukalikuta jasho langu lote limekaa pale linausubiri. Nililowa kwa joto dakika ile, dakika iliyofuata zile fulana zimenigandia mgongoni kama bamba la barafu. Meno yakaanza kugonga yenyewe. Nguo saba! Na nilikuwa nasikia baridi kuliko Otieno, ambaye sasa alitoa jaketi lake kavu kwenye begi, akalivaa, akawa anapiga mluzi.

Lakini kilichonitia hofu hakikuwa hicho. Ami Seif alikuwa amenyamaza. Tangu Doha mzee yule hakuwa amefunga mdomo. Alisema kwenye ndege, akasema usingizini, alisema mlima wote akihema. Sasa nikamwuliza, "Ami, hujambo?" akanitazama tu. Midomo imekuwa ya kijivu. Nikaushika mkono wake, ulikuwa baridi sana, na vidole havikunishika. Niliogopa, jamani. Posa yote ilinitoka kichwani, nikaona tu mzee wa watu, baba aliyebaki kwa Nasra, anazimika mbele yangu kwa sababu mimi na yeye tuliona haya kufungua zipu.

Gela akatuswaga mpaka kwenye kibanda cha mlinzi kando ya kanisa. Mlinzi mwenzangu yule, Mungu ambariki, akamwangalia Ami mara moja akaanza kuchochea jiko. Gela akaonyesha kwa mikono: nguo zote mbichi zitoke. Sasa hivi.

"Ami," nikasema, "samahani sana." Nikamvua. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Koti, trakisuti ya juu, fulana ya pamba unayoweza kuikamua ndoo ikajaa. Otieno akatoa sweta yake ya akiba. Ami akafungua kikoi chake, mimi na Otieno tukakishika ncha kama pazia, Otieno ameangalia dari anasali kwa sauti. Juu akawa mkavu. Chini hakuna kitu. Otieno suruali ya pili hakuwa nayo, Gela hakuwa nayo, na zangu zote zimelowa.

Zilikuwepo zile za kwenye kibegi, ndani ya pakiti yake, kavu.

Nilijua zikitoka ndiyo mwisho. Ataniuliza ni za nani na sitaweza kumdanganya, na nikisema kweli nimemwaibisha Nasra mbele ya walii wake. Nilisimama na mkono kwenye zipu ya begi. Ami nyuma ya kikoi alikuwa anatetemeka mpaka ukuta wa mbao unaitikia.

Nikazitoa.

Waridi. Maua. Ami Seif akazitazama zile taiti, kisha mimi.

"Za nani?" akasema, meno yanagonga.

"Ni za Nasra, Ami. Kaninunulia mimi. Moja nimeivaa hapa nilipo."

Akanyoosha mkono. Tukamsaidia, mguu mmoja, halafu mwingine, zikamfika barabara mpaka kwenye tumbo. Tukamfunga kikoi juu yake, mlinzi akampa chai nyeusi yenye sukari nyingi. Baada ya kikombe cha pili midomo ikarudi rangi yake. Akaketi mbele ya jiko, maua yamechungulia chini ya kikoi, akilitazama lile jiko.

"Zina joto," akasema. Basi, hayo tu.

Kushuka, na Muaither

Wakati wa kushuka, nguo zikiwa zimekauka kando ya jiko, tulivaa kama Gela alivyotupanga, tatu tatu, na tukafika kijijini bila kutetemeka wala kutokwa jasho. Soksi nilivua pea mbili na vidole vikafufuka. Otieno alijitahidi asiseme kitu, na mnajua ilivyomgharimu.

Ami Seif hakuzungumza nami. Garini hakuzungumza. Kule mgahawani yule baba akamkoromea, Ami akaitikia kwa heshima, akarudi garini, akanyamaza. Kwenye ndege alikaa dirishani amejifunika. Nilikuwa najiandalia maneno ya kumwambia Nasra, na kila nikiyapanga yananichoma: kwamba nimeshindwa, kwamba kosa si lake, kwamba nampenda lakini baba yake alikuwa anaganda.

Tukafika Muaither. Nasra alikuwa ametuandalia samaki wa kupaka, amesimama mlangoni anasoma nyuso zetu, macho yanaruka kutoka kwangu kwenda kwa Ami. "Shikamoo Ami. Mmerudi salama?"

"Marahaba." Ami akavua viatu. Akakaa. Akamtazama yule binti kwa muda mrefu mpaka Nasra akaanza kusokota ncha ya mtandio.

"Huko dukani," akasema Ami Seif, "hawakuwa na nyeusi?"

Nasra akageuka kuniangalia kwa macho ya kuniua. Kisha akaona ndevu za mzee zinatikisika, akajua anacheka.

"Zilikuwa zimeisha, Ami," akasema kwa sauti ndogo.

"Haya. Mwambie huyu mtu wa bara awaite wazee wake." Akavuta sinia ya samaki karibu. "Nimesafiri naye."

Sina la kuongeza kuhusu mlima. Ila mliokuwepo siku ya nikahi pale Muaither, mliona kiyoyozi kilivyowekwa, watu wanajipulizia viganja kama wako Georgia. Mliniona nimekaa mbele ya Ami Seif, mkono wangu ndani ya mkono wake, sheikh anatusomesha maneno ya kuozesha. Na mlinisikia nikicheka katikati, ikabidi sheikh arudie upya, wazee wangu wakaona haya, na mpaka leo mnaniuliza nilicheka nini siku kubwa kama ile.

Sasa nawaambia. Ami alinibana mkono, akainama kidogo, na kwa vidole viwili akainua pindo la kanzu yake nyeupe, kiasi cha mimi peke yangu kuona yale maua.